Zamu ya Kukaa Macho

Ninalala bila ruhusa yangu mwenyewe. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wapo watakaosema Nakhumicha alijilaza makusudi, na mimi sijajilaza. Nimekaa wima kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama, mchana kweupe, mvua inapiga mabati ya nyumba yetu hapa Kimilili, kiganja changu kiko juu ya mikono yake, na kazi yangu ni moja tu, kumtazama. Mama yangu Namalwa hafumbi macho. Ugonjwa umemmalizia maneno, umemmalizia hamu ya kula, lakini macho umeshindwa kuyafunga. Yako wazi usiku na mchana, makubwa, yananifuata kila ninapogeuka, na daktari amesema dawa zimekwisha, sasa ni kumtunza. Leo asubuhi senge Nabwile, dada yake baba, amenivuta uani akaniambia mama amechoka, anamsubiri mtu ampe ruhusa apumzike, na mtu huyo ni mimi. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia katika nyumba hii hakuna anayemfukuza mtu, na kwamba nitakaa macho mpaka apone, kwa sababu ninajua nikisinzia tu ataniponyoka. Basi ninakaa macho. Ninayakaza. Ninaitazama mikono yake aliyoifumbata kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia, kama anavyoifumbata siku zote ili kuficha kidole gumba kilichoungua kwenye chungu cha pombe ya busaa kabla sijazaliwa. Kila mtu duniani huweka wa kulia juu, mama yangu huweka wa kushoto. Ninakifikiria hicho kidole, ninaifikiria busaa yake, harufu ya unga uliokaangwa na kimea kilichoanikwa kwenye mkeka, na mvua juu ya mabati inaanza kupiga kwa namna nyingine, kwa ulaini, kama inapiga juu ya majani makavu, na miguu yangu inalowa.

Ninatazama chini, nimesimama kwenye tope. Kigoda hakipo. Mbele yangu pana mlango wa matete yaliyofungwa matita matita na kupindwa juu yakakutana, na mvua ile ni hayo matete yanayosuguana kwa upepo, wala hakuna mvua. Ninavuka kizingiti kwa sababu nyuma yangu hakuna kitu. Upande wa pili mtu ananisubiri. Hana uso. Pale ambapo wewe na mimi tuna pua na mdomo, yeye ana ulaini mtupu, kama tofali bichi lililotoka kwenye kalibu, na ajabu ni kwamba simwogopi, ninamkasirikia tu kwa kuwa nimemwacha mama peke yake na huyu ndiye mtu wa kwanza kumlalamikia. Ninamwambia nimepotea, nahitaji kurudi, mgonjwa wangu hana mtu. Yeye anasema kwa sauti ya upole, aliyepotea ni yule anayetafutwa, je, unatafutwa? Ninamwambia bwana, nimeuliza njia, na sikusema tega. Anacheka, sijui anachekea wapi, na anatangulia.

Njia anayoishika haina mwisho. Inapita kati ya mashamba ya shayiri na mifereji, inajikunja, inarudi, inapita tena kwenye mtende uleule wenye tende zilezile. Kisha mji unatokea, na mji wenyewe uko mara mbili, mmoja juu ya mfereji na mwingine ndani ya maji, umesimama kichwa chini, kuta za matofali na juu ya kuta mnara mkubwa wa ngazi unaopanda, na ndani ya maji mnara uleule unashuka. Watu wa majini wanafanya mambo yao mapema kidogo kuliko wa juu. Ninamwona mwanamke kule chini akitua mtungi, halafu ndipo wa huku juu anautua. Ninauliza hapa ni wapi, na kwa mara ya kwanza asiye na uso ananijibu kama watu wanavyojibu. Hapa ni Sumeri, nchi ya watu wa vichwa vyeusi. Ninamwambia basi nimefika kwetu, ingawa changu kimeshaingia mvi. Na kweli, ninajisikia vizuri kati yao, sijui kwa nini. Wanaume wamevaa sketi za manyoya ya kondoo, wako ndani ya mfereji mpaka kiunoni wanazoa matope, wanataniana kuhusu nani ana mgongo mvivu. Wanawake wanafuma. Kwenye ua mmoja wanafunzi wanabonyeza ncha za matete kwenye vibamba vya udongo na kuimba masomo kwa pamoja, na mmoja amesinzia na wenzake wanamchora udongo puani. Ninawapenda mara moja, ninakubali. Ni watu wenye kelele na kazi nyingi, kama sisi.

Harufu inanisimamisha. Ni kimea. Kimeanikwa mkekani mbele ya nyumba ya chini, na mwanamke mnene, mwenye mikono ya kazi, anatoa tanuruni mikate ya shayiri, anaivunja vipande na kuitia kwenye chungu kikubwa cha maji. Anaitwa Gemebau, na pombe yake inajulikana mpaka ng'ambo ya mto, anajisifu mwenyewe kabla sijamwuliza. Wazee wamezunguka chungu kingine, kila mmoja ameshika mrija mrefu wa tete na ananyonya kimya kimya akiangalia mbali, na mimi machozi yananitoka hapo hapo, kwa sababu hivi ndivyo walivyokaa wazee wa kwetu uani kwa mama, mirija yao mirefu, chungu katikati, na mama akipita na maji ya moto ya kuongezea, akiwakemea wanaogombana. Gemebau ananiwekea mrija mkononi. Ananiuliza nina nini, dada, na ninamweleza yote, macho ya mama, senge Nabwile, woga wangu wa kusinzia. Ananisikiliza huku akikoroga. Kisha ananiambia kwao jambo hilo lina ufumbuzi wake tangu zamani, hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya mungu mchana kutwa, kuna mifereji ya kuzoa, kuna watoto, kuna pombe itakayochacha. Kwa hiyo watu hujichongea sanamu. Unaiweka hekaluni, imefumbata mikono kifuani, macho yake wazi, na inasimama pale kwa ajili yako. Wewe unalala, yenyewe hailali.

Nusura nimbusu. Huo ndio ufumbuzi ninaouhitaji, mtu wa kunishikia zamu. Ninamwuliza fundi yuko wapi, na asiye na uso, ambaye alikuwa amekaa na wazee ingawa hana mdomo wa kunyonyea, anainuka na kutangulia.

Fundi Urlama ni mtu mfupi aliyejaa vumbi la jasi mpaka kwenye kope. Ananisimamisha kwenye mwanga na kuanza kuchonga bila kunitazama sana. Mwili anaumaliza upesi, anasema miili yote inafanana mbele ya mungu. Kwenye macho ndipo anapoweka chombo chini. Ananiuliza anifanyie macho makubwa kiasi gani. Ninamwambia makubwa kuliko woga wangu. Anatikisa kichwa kama aliyelisikia hilo mara nyingi, anachagua vipande viwili vyeupe vya kauri, anatia jiwe jeusi katikati, anavigandisha kwa lami ya moto, na lami inanuka mpaka kooni. Ananiuliza begani aandike nini. Ninamwambia aandike kwamba Nakhumicha yuko macho kwa ajili ya Namalwa, asiondoke. Anachonga alama zake ndogo zenye pembe, mstari mmoja, halafu anasita. Anasema nafasi ya bega imekwisha, maneno ya mwisho hayakuingia. Ninamwambia haidhuru, mungu ataelewa. Urlama ananipa sanamu yangu mikononi. Inanifika gotini, ina uso wangu wa mtu aliyekosa usingizi, na ninaiona ni nzuri.

Hekalu liko juu ya ngazi, na ngazi zinapanda mpaka ninaona zinashuka. Ndani ni giza la ubaridi. Kando ya kuta kuna viti virefu vya matofali, na juu yake wamesimama, mamia, wanaume kwa wanawake, wote wamefumbata mikono, wote wametoa macho makubwa meupe. Ninajisikia kama mtu aliyechelewa ibada akalazimika kupita mbele. Ninawasalimia kwa sauti ya chini. Ninatafuta pa kuiweka yangu na hakuna hata upana wa kiganja. Asiye na uso anasema pamejaa, ila pana mahali ambapo pako tupu na pana mtu. Nimechoka na vitendawili vyake lakini ninamfuata, na ananifikisha kwenye kona, mbele ya sanamu moja ya zamani sana. Ni mwanamke. Mguu wake umevunjika ukaungwa kwa lami, ukavunjika tena ukaungwa tena. Jicho moja la kauri lina ufa. Wenzake wote mle ndani wameweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, na yeye peke yake ameweka wa kushoto juu, na chini yake amekificha kidole gumba.

Sihitaji kuambiwa. Asiye na uso anapitisha kidole begani kwake, kwenye alama zilizolika mpaka zimekaribia kufutika, na anasoma polepole. Namalwa yuko macho kwa ajili ya Nakhumicha. Ninauliza tangu lini. Anasema tangu hujawa na jina la kuandikwa. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, ninajiambia, wakati naumwa surua, wakati nimekwenda mbali kuolewa na wakati nimerudi, wakati nalala fofofo nikidhani usiku unajilinda wenyewe, kumbe kuna mtu amesimama kwenye kona hii kwa mguu wa kuungwa. Nampenda mama yangu, sijawahi kusema sikumpenda, lakini hapa ninampenda upya.

Ndipo ninapoona sakafu. Imefunuliwa mbele ya kile kiti, matofali yamewekwa kando, na chini yake kuna shimo lenye mchanga safi, na ndani ya mchanga wamelazwa wazee wa mawe, wamelala bega kwa bega. Ninamshika asiye na uso mkono kwa ukali. Mnawatupa? Anasema hapa hatutupi, waliochoka tunawalaza karibu na yule waliyemtazama. Lakini huyu wako ametushinda, kila tukimlaza macho yake yanatafuta mlango. Anatafuta nini, nauliza. Anayeulizia ndiye anayetafutwa, anasema. Na mimi ninafanya jambo la kijinga ambalo ningelifanya tena. Ninaiweka sanamu yangu chini, ninamkumbatia mama yangu wa jiwe, na ninakimbia naye.

Ninakimbia kwenye ngazi zinazoshuka mpaka zinapanda, ninatokea sokoni, ninapita kwa wanafunzi, yule aliyesinzia sasa ameamka na pua ya udongo, ninapita kwa wazoa matope nao wananiitia, taratibu mama, utateleza. Kila kichochoro ninachoshika kinanirudisha pale pale. Mji unanirudisha hekaluni kwa mlango wa mashariki, ninatoka kwa mlango wa magharibi, na magharibi kuna mlango uleule. Na mama anazidi kuwa mzito. Si uzito wa jiwe. Ni ule uzito wake ninaoujua, ninapomwinua nimwogeshe, mwili uliokwisha na bado unanishinda. Macho yake yananitazama kwa wasiwasi, jinsi alivyokuwa akinitazama nikipanda mti. Ninafika kwenye mfereji, pumzi zimeniishia, ninainama juu ya maji ili nione njia ya mji wa chini, huenda ule una mlango wa kutokea. Na ndani ya maji siko mimi niliyembeba mama. Ndani ya maji kuna msichana, Namalwa kabla ya mvi, amefunga mtoto mgongoni kwa leso, anakimbia kwa miguu yake miwili mizima, na mtoto amelala, mdomo wazi, hana habari. Wa majini hutangulia, nakumbuka. Wao hufanya kwanza, halafu sisi.

Sijui nimefikaje tena kwa Gemebau, labda kila barabara ya nchi ile mwisho huishia kwa mpika pombe. Wazee wamekwenda zao. Ananitazama mimi na mzigo wangu, anafuta mikono, na anauliza kama nimeiba hekaluni. Ninamwambia ni mama yangu. Anasema basi hujaiba. Anakaa karibu yangu, anakigusa kile kidole kilichofichwa kwa ncha ya kidole chake mwenyewe, na anasema chungu, dada, hiki ni kidole cha chungu, naye ananionyesha chake kilivyo. Pombe inapumua ndani ya chungu. Halafu ananiuliza swali, na kwa kuwa ana uso ninajua si kitendawili. Mtu akikubebea mzigo njia nzima, mkafika nyumbani, naye kasimama tu mlangoni na mzigo kichwani anakuangalia, unamwambia nini?

Ninamwambia, namwambia atue.

Na asipoambiwa?

Ninamjua mama yangu. Asipoambiwa atasimama.

Ninalia kwa Gemebau mpaka nakauka, naye haninyamazishi, anakoroga tu chungu chake na kunipa mrija kila ninapopumua. Kisha ninainuka. Njia ambayo imenikimbiza mchana kutwa sasa ni hatua chache, hekalu liko hapo tu, nyuma ya mkeka wa kimea. Asiye na uso amesimama pale nilipomwacha, ameshika sanamu yangu kama mtu aliyeshikishwa mtoto na hajui kumshika. Ninapiga magoti. Ninamlaza mama kwenye mchanga, ninautengeneza mchanga chini ya mguu ule wa kuungwa usimuumize, ninamlaza katikati ya wenzake wawili wenye sura za kirafiki. Macho yake yananitazama, halafu mlango, halafu mimi. Ninamwambia nilichokuwa sijakisema kwa mtu yeyote. Macho ya kauri hayana kope, hayawezi kufumba, lakini yanaacha kutafuta mlango. Yanatulia. Ninaipandisha sanamu yangu mahali pake, kwenye kiti cha matofali, na pale miguu yake ilipokuwa pana joto bado. Ninasoma begani, sijui nimejifunza lini kusoma, na ninaona fundi hakuwa amekosa nafasi. Nakhumicha yuko macho kwa ajili ya Namalwa. Inatosha hivyo. Ninarudi nyuma, ninapiga magoti tena niitazame, na mara ninaona ukumbi mzima kutoka juu ya kiti, kwa macho ya kauri, na mwanamke mwenye mvi amepiga magoti chini, ananitazama.

Mvua inapiga mabati. Niko kwenye kigoda. Kiganja changu kiko juu ya mikono ya mama, na mama ananitazama, hajaondoka, hajaniponyoka. Nimesinzia na yeye amekaa macho, akinilinda. Senge Nabwile ameingia na kikombe cha chai, amesimama mlangoni. Ninainama mpaka karibu na sikio la mama, na ninatumia lugha ya kwetu kwanza, halafu hii, ili pasibaki neno ambalo halikumfikia.

Tua, mayi. Tumefika. Nimekuona umesimama, sasa nimesimama mimi.

Ananitazama kwa muda. Midomo yake inasogea kidogo, kama anavyofanya akionja busaa kujua imeiva. Halafu kope zake zinashuka, taratibu, zinakutana, na mikono yake kifuani inalegea, wa kushoto unateleza na kile kidole gumba kinatokea nje, kimekunjamana, kidogo, kama cha mtoto. Anavuta pumzi ndefu. Anavuta nyingine baada ya kitambo. Senge anakiweka kikombe chini bila kukigonga na hasemi kwamba aliniambia, na kwa hilo nitampenda maisha yangu yote. Anaketi upande wa pili, tunasikiliza pumzi zinavyoachana, moja, kisha kimya, kisha moja, mpaka kinachobaki ni mvua.

Baadaye senge ananiuliza kama nililala hata kidogo. Mikono yangu imejifumbata kifuani, sikumbuki kuifumbata. Kooni nina harufu ya lami. Najaribu kupepesa macho na hayana haraka ya kupepesa, yanaona chumba chote, kitanda, kikombe cha chai, mlango, na nje ya mlango matete yanayosuguana ambayo huenda ni mvua. Labda mimi ni mwanamke wa Kimilili aliyeamka. Labda yule mwanamke bado amelala mahali fulani, amechoka, na mimi ni ile sanamu yake ya jiwe, nimesimama kwa ajili yake kwenye ubaridi. Sijui nimeamka upande gani. Ninajua tu kwamba mama amelala, na mimi niko macho.